Kutoka Buluk Hadi Dunga: Panga Safari na Saa ya Samaki

Kila mwisho wa mwezi hapa Buluk, Juba, pale kwa mathe wa chai chini ya mti, stori ni ile ile: mbogi inataka kutoka. Watu wamechoka na vumbi, wamechoka na kelele ya jenereta, na lazima mmoja atataja Kisumu. Halafu mpango unaanza vibaya hapo hapo. Swali la kwanza ni klabu gani, la pili ni dijei nani, na msosi unaachiwa "tutaona tukifika." Mimi nasema tugeuze hiyo form. Kama unaenda mji wa ziwa kudishi na kuonja waini, panga siku yako na saa ya samaki. Sherehe itajipanga nyuma yake.

Mbona Kisumu na si kwingine

Cheki maji kwanza. Hiyo Nile inapita chini ya Freedom Bridge hapa Juba, lile daraja tulijengewa na Wajapani likafunguliwa 2022, imetoka Ziwa Victoria. Inachomoka ziwani pale Jinja, inapita Kyoga, inaingia Ziwa Albert, inavuka mpaka Nimule, ndio inafika kwetu. Kisumu iko upande wa mashariki wa hilo ziwa, kwa ghuba ya Winam. So mtu wa Juba akienda Kisumu anafuata maji yake kwenda juu.

Watu nao ni wa karibu. Mababu wa Wajaluo walitoka pande hizi za Bahr el Ghazal, wakashuka kusini mos mos kwa vizazi vingi hadi wakafika ziwani. Acholi, Anywaa, Shilluk na Waluo wa Wau wote ni ndugu zao wa lugha. Kama mbogi yako iko na mmoja wao, mpeleke Kibuye siku ya Jumapili, ile soko ikiwa imejaa hadi barabarani, umwache abonge na mamathe wa mboga. Hapo utaona heshima ikipanda, na mara nyingi kipimo cha mboga pia kinapanda.

Halafu kuna mbuta. Hapa Juba tunaimanga kila siku juu ni samaki wa Nile. Ziwa Victoria halikuwa nayo kabisa. Ilipelekwa huko na watu miaka ya 1950, na ikameza samaki wadogo wa pale, wale Wajaluo wanaita fulu, hadi aina nyingi sana zikapotea. Leo viwanda vinatoa minofu ya mbuta na kuiuza ng'ambo, na mifupa yenye nyama imebaki ndio inaangukia mafuta ya moto kwa mitaa kama Obunga. Jina ni mgongo wazi. Ni chakula cha watu wa ganji kidogo, kitamu noma, na kinakuambia biashara ya lile ziwa inaenda aje: nyama inapanda ndege, mfupa unalisha mtaa. Usitoke Kisumu bila kuionja, na usiile kama utalii wa umaskini. Ile kama chakula, lipa vizuri, sema asante.

Saa ya samaki

Hapa ndipo mbogi nyingi huchoma. Mnafika Ijumaa usiku, mnarave hadi majogoo, mnaamka saa nane mchana, mnaenda ufuoni, mnakuta samaki imekaa kwa jua ama kwa friji. Halafu mnarudi Juba mkisema Kisumu ni ya kawaida.

Wavuvi wa omena, wale dagaa, hutoka usiku na taa, wanarudi asubuhi. Nyavu za ngege, yaani tilapia, na mbuta nyingi hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri. Kwa hivyo chakula cha ukweli kinatua asubuhi. Fika Dunga Beach, nje kidogo ya katikati ya mji, kati ya saa moja na saa tatu. Pale mashua zinaingia, mamathe wanagombania mzigo, na mafunjo ya kinamasi yamejaa ndege wa kila rangi. Kama unataka kupanda boti uone viboko, panda asubuhi hiyo hiyo ziwa likiwa limetulia, vaa laifujaketi, na ukiambiwa mko karibu sana na kiboko, mwamini mwenye boti. Kuogelea wacha, hayo maji yana kichocho.

Kuchagua samaki si ngumu. Macho yawe angavu, matamvua yawe mekundu, na ukibonyeza nyama irudi juu. Kisha uliza kwa adabu: "Mathe, hii ngege ni ya ziwa, ya kizimba, ama ni ile ya Uchina?" Hilo swali liko na maana. Samaki ya ziwa imepungua, vizimba vya kufuga vimeongezeka, na ngege iliyogandishwa kutoka Uchina imejaa sokoni juu bei yake iko chini. Zote zinalika, lakini bei ya ziwa ilipiwe samaki ya ziwa. Ukikutana na mvuvi mzee, muite jaduong', yaani mzee. Hilo neno moja linamfungua, atakuonyesha mwenyewe mashua gani imeingia saa hiyo.

Na usinyonge bei ya mwanamke anayeuza. Miaka mingi kwa hizi fuo kumekuwa na mambo ya jaboya, penye mama anataka samaki ya kuuza na mvuvi anadai mwili kabla ya pesa. Kuna akina mama wamepigana wakapata mashua zao wenyewe ndio watoke kwa huo mtego. Shilingi unayolipa bila kuvutana inaingia kwa hiyo vita.

Ukishachagua, patana bei kabla samaki haijaingia kwa karai. Ya kukauka inakuja na kachumbari. Ya mchuzi inapikwa na nyanya, kitunguu na dania. Itachukua muda, so usifike ukiwa na njaa ya kugombana. Agiza kuon, yaani ugali, na ukipata ile ya mtama chukua hiyo. Mboga itisha osuga (mnavu) ya maziwa ama apoth (mrenda). Siku ya pili tafuta aliya, nyama iliyokaushwa, ama obambla, samaki iliyopasuliwa na kuanikwa, ikipikwa na njugu. Sisi wa Juba njugu kwa mboga tunaijua tangu utotoni, so hiyo sahani itakubamba mapema. Kitu kimoja cha kalenda: upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ndio samaki izaane. Kama safari ni ya omena, enda Agosti kuendelea.

Waini bila kujigamba

Watu wengi hudhani waini ni lazima itoke Ufaransa ama Cape. Kenya inakuza zabibu zake Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, penye usiku wa baridi unasaidia zabibu isipoteze ukali wake. Huko ndiko waini ya Leleshwa inatoka. Tanzania nayo iko na Dodoma, penye zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Hizi ni chupa za kanda yetu, na ukiwa na ganji ya chupa moja tu, anza na za nyumbani.

Na ngege ya kukauka, chukua waini nyeupe kavu, Sauvignon Blanc, iwe baridi kabisa. Ukali wake unafanya kazi ya ndimu: unakata mafuta na kuacha utamu wa samaki. Samaki ya mchuzi wa nyanya inataka rozee. Aliya ndio inaweza kusimama na nyekundu nzito kama Shiraz. Zile nyekundu tamu mbogi inapenda, weka za jioni baada ya chakula, juu sukari yake inaua ladha ya samaki. Glasi iko poa kuliko kikombe cha plastiki, na barafu iwekwe nje ya chupa, kwa kuluboksi, si ndani ya waini.

Kabla ufike kwa hoteli na chupa yako, uliza kama wanakubali na wanatoza ngapi kufungua. Kenya kuna masaa ya kuuza keroro na umri ni miaka 18 kwenda juu. Heshimu hizo mbili. Mtu akishakunywa, ndai inabaki. Kisumu imejaa tuktuk.

Kama wewe ni wa bia, jua kwamba kiwanda cha bia Kisumu kilirudi 2019 na kinatumia mtama, so mkulima wa Nyanza anapata kitu kwa kila mtungi. Sisi Juba tunajua uchungu wa kukosa hiyo. Bia ya White Bull ilianza kupikwa hapa 2009, ikasimama 2016 juu dola za kununua malighafi ziliisha.

Na kwa wale hawanywi, na kwa mbogi yetu ni wengi, msikubali kuwekewa soda kama watoto. Beba karkade kavu, yale maua mekundu, kutoka soko la Konyo Konyo. Iloweshe usiku kwa maji baridi, chuja, tia tangawizi na sukari kidogo. Rangi ni ya waini, ukali upo, na kwa samaki ya kukauka inaketi meza moja na chupa yoyote. Mimi naitaka hata zile siku waini iko.

Njia na ganji

Ukiwa na doo, ndege ya Juba hadi Nairobi ni chini ya masaa mawili, na Nairobi hadi Kisumu haifiki saa moja. Lakini kwa safari ya msosi na waini, hiyo kipande ya pili ni fiti zaidi kwa barabara. Ni kama kilomita 350, na unapita Naivasha, penye unaweza kushuka ununue chupa karibu na shamba lake, halafu Nakuru, halafu majani chai ya Kericho, ndio uteremke kwa joto la ziwa. Treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ilirudi Desemba 2021. Kama inatembea wikendi yenu, ipande: reli ilifika hapo 1901, mji ukiitwa Port Florence, na mji wote umekua kutoka kwa huo mwisho wa reli.

Wale wa bajeti ya chini wanashika basi hadi Nimule, ile lami ya kilomita 192, kisha Gulu, Kampala na Busia. Hiyo barabara ya Nimule imewahi kushambuliwa, so uliza hali yake siku moja kabla na usafiri mchana. Beba pasipoti na kadi ya manjano ya chanjo; mpaka mmoja hautakuuliza, mwingine utakuuliza.

Pesa, badilisha ukiwa bado Juba. Pauni yetu haitakusaidia Kisumu, na pesa ya simu ya m-Gurush inaishia hapa. Beba dola safi, noti mpya, uzigeuze shilingi, uweke kwa M-Pesa ya beshte unayemwamini ama laini yako. Kisha gawanya ganji mara nne kabla mtu yeyote hajaagiza kitu: njia, kulala, chakula, kinywaji. Kinywaji kisikope kwa chakula. Mbogi zikivunjikia safarini, hapo ndipo zinavunjikia, mtu amekunywa pesa ya samaki ya mwenzake. Chagueni mmoja ashike hesabu, na mumlipie chakula chake kimoja kwa hiyo kazi.

Siku mbili zinatosha

Jumamosi: Dunga asubuhi, samaki na kuon mapema, kulala jua likiwa kali, kisha Hippo Point, pale kando ya ziwa, jioni. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, so jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima. Fungueni chupa nyeupe hapo. Usiku ukitaka ohangla, ile ngoma ya Wajaluo, laivu, enda, lakini rudi mapema kiasi cha kuamka.

Jumapili: Obunga kwa mgongo wazi, Kibuye kwa soko, aliya ama obambla mchana na chupa nyekundu. Nunua omena kavu ya kubeba nyumbani, ifungwe mara tatu ndio mzigo wa basi usinuke. Jumatatu ni barabara.

Mbogi, hii safari haihitaji tajiri. Inahitaji watu wanaamka mapema, wanauliza maswali kwa adabu, na wanalipa bei ya haki. Klabu tuko nazo hata Juba. Ngege iliyotoka ziwani asubuhi hiyo, na mathe aliyeipika mbele yako, hizo hutazipata saa nane mchana ukiwa na hangova. Tafuteni wanne, chagueni tarehe baada ya Julai, na kila mtu atoe mchango wake wa kwanza wiki hii kabla pauni haijashuka tena.