Sandarusi, Gumegume na Mafundi wa Msimbazi

Mto Msimbazi unatoka milima ya Kisarawe, nchi ya Wazaramo, na kabla ya kufika baharini unapita karibu na Kariakoo, Dar es Salaam. Katika karne ya 19 nchi hiyo ilitoa sandarusi, utomvu wa msandarusi uliozikwa mchangani miaka mingi mpaka ukawa mgumu. Uliogandia mtini tu uliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa duni. Wachimbaji waliubeba mzigo mpaka pwani, ukavushwa Unguja, na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, ambao nchi yao ilikuwa na mkataba na Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, tangu 1833, wakaununua kwa wingi. Huko uliyeyushwa, ukachanganywa na mafuta ya kitani, ukawa vanishi ya magari ya farasi na ya samani.

Waliochimba walirudi na vitambaa vya merikani, baruti na bunduki za gumegume, zile za kushindilia mdomoni. Hata mkataba wa Brussels wa 1890, uliobana biashara ya silaha, uliacha mwanya kwa gumegume na baruti ya kawaida. Kwa hiyo utomvu wa Uzaramo uling'arisha samani za ng'ambo, na bunduki zikaja huku kukabiliana na hewa ya chumvi. Kwa maoni yangu biashara hiyo haikuwa ya haki.

Bunduki ya namna hiyo ina mbao na chuma, na kila kimoja kina matunzo yake. Mafundi wa zamani wa Ulaya waliuacha mtutu uote kutu nyembamba, wakaikwangua, wakarudia mpaka chuma kikawa cha kahawia, ndipo wakapaka mafuta. Tako lililolowanishwa kidogo huinua nyuzi za mbao. Zikishakauka hupigwa msasa tena, mpaka maji yasiinue kitu. Huo ni ujuzi wa subira, na subira hiyo hiyo ndiyo wanayofundishwa vijana katika karakana za Gerezani, jirani na Kariakoo, na vichochoro vya mtaa wa Msimbazi, ingawa leo wanatengeneza vitanda, milango na masanduku ya bati.

Kijana akija kujifunza hapewi randa. Anamwamkia fundi shikamoo, anafagia, kisha anapewa msasa: mkali kwanza, laini baadaye, siku zote kwa kufuata nyuzi. Kabla ya karatasi za dukani, wazee walitumia majani makavu ya mti wa msasa, yenye ukwaruzo wa kutosha kulainisha mpini. Chuma nacho kinasuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya kwanza siku hiyo hiyo, kwa kuwa kikilala wazi kwenye hewa ya bahari asubuhi kimeshaota kutu. Fundi hupitisha kiganja juu ya ubao akiwa amefumba macho. Akigusa kovu, kazi inarudi. Hakuna anayegombana naye.

Adui wa desturi hii ni mteja mwenye haraka. Vanishi iliyopakwa masika juu ya mbao mbichi hutoka malengelenge, na lawama zote humwangukia fundi. Basi ukiagiza kitanda Gerezani, lipia na siku za kukauka, wala usimpigie fundi simu kila saa.