Mbwa Aliyelowa: Kumkausha ni Kumkagua

Masika yanapoingia katika kata ya Endamarariek, wilayani Karatu, udongo mwekundu hugeuka tope na baridi ya nyanda za juu huzidi makali usiku. Mbwa wa huko si pambo la nyumba. Hulinda zizi dhidi ya fisi, hufukuza wanyama waharibifu shambani na huandamana na watoto malishoni. Kazi hizo hazisimami kwa sababu ya mvua. Kwa hiyo mbwa hulowa, hukauka mwenyewe nusunusu, kisha hulowa tena.

Wengi huliona jambo hilo kuwa la kawaida, na ni kweli kwamba mvua moja haimdhuru mbwa mzima mwenye afya. Madhara hutokana na unyevu usiopata nafasi ya kukauka. Aidha, dakika chache za kumkausha mbwa ni nafasi ya kumshika, kumtazama na kumzoesha mkono wa binadamu. Katika wilaya inayopakana na Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, ambako watu, mifugo, mbwa na wanyamapori huishi kwa kukaribiana, nafasi hiyo ina thamani kwa afya ya kaya nzima.

Maji yanayobaki

Mbwa ana ufundi wake wa asili wa kujikausha. Mwaka 2012 watafiti wa Georgia Institute of Technology nchini Marekani walichapisha uchunguzi kuhusu wanyama wanaojikung'uta, na kuonyesha kwamba mbwa huweza kuondoa takribani asilimia 70 ya maji ya manyoya yake kwa sekunde chache tu. Ndiyo maana inafaa kumwacha ajikung'ute kwanza kabla ya kumgusa kwa kitambaa.

Maji yanayobaki ndiyo yenye matata. Hujificha penye manyoya mazito karibu na ngozi, katikati ya vidole, kwapani, kinenani, chini ya mkia na ndani ya masikio yaliyolala. Joto la mwili linapokutana na unyevu huo, bakteria na kuvu ambao kwa kawaida huishi juu ya ngozi kwa idadi ndogo huongezeka upesi. Ngozi huwasha, mbwa hujikuna na kujilamba, na mikwaruzo hiyo hufungua njia ya maambukizi. Hazipiti siku nyingi kabla ya kuonekana kidonda chekundu chenye majimaji na harufu. Sikioni hali ni hiyo hiyo: njia ya sikio la mbwa hushuka chini kisha hupinda kuelekea ndani, hivyo maji yakishaingia hayatoki kwa urahisi.

Baridi nayo ina sehemu yake. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la mwili. Mbwa mzima, ambaye joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi, hustahimili. Watoto wa mbwa hawastahimili, kwa kuwa katika siku za mwanzo za uhai wao hawawezi hata kutetemeka ili kujipasha joto. Mbwa mzee, aliyekonda au mgonjwa pia yumo hatarini.

Namna ya kumkausha

Kifaa kikuu ni kitambaa cha pamba kinachonyonya maji, kama vile taulo kuukuu au kanga iliyochakaa. Kitambaa hicho kitengwe kwa ajili ya mbwa pekee, kifuliwe na kuanikwa juani, wala kisirudi katika matumizi ya watu.

Mbwa mwenye tope huoshwa kwanza kwa maji safi, maana tope likikaukia mwilini husokota manyoya na kuchubua ngozi. Baada ya kujikung'uta, kitambaa hukandamizwa juu ya manyoya hadi kinyonye maji. Hakisuguliwi kwa nguvu. Kazi huanzia shingoni na mgongoni, huteremka tumboni na miguuni, na humalizikia kwenye vidole, kimoja baada ya kingine. Masikio hufutwa kwa kitambaa kilichozungushiwa kidole, upande wa nje na mlangoni tu. Kijiti kisiingizwe sikioni, kwa sababu husukuma uchafu ndani na huweza kutoboa ngoma ya sikio.

Kamba au mkanda wa shingoni uvuliwe na kukaushwa. Kamba mbichi inayokaa shingoni siku nyingi huleta vidonda ambavyo manyoya huvificha hadi inzi watakapovigundua.

Kisha mbwa apewe mahali pakavu pasipo na upepo: juani ikiwa jua lipo, au juu ya mbao zilizotandikwa gunia kavu. Kumlaza karibu na mafiga si mbadala mwema, kwa kuwa moto huunguza ngozi na moshi huumiza macho na mapafu. Watoto wa mbwa wakaushwe kabisa, kisha warudishwe haraka kwa mama yao.

Mkono unaokausha ndio unaokagua

Vidole vinavyopita mwilini mwote hukutana na mambo ambayo macho hayayaoni kwa mbali: uvimbe, mwiba, kidonda, viroboto, au kupe waliojibanza masikioni na katikati ya vidole. Kupe hushikwa kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, kisha huvutwa taratibu bila kusokotwa. Asipasuliwe kwa vidole, wala asichomwe moto au kupakwa mafuta ya taa.

Ukurutu wa mbwa mara nyingi huanzia kwenye kingo za masikio na viwiko, ukiwa na magamba na muwasho mkali. Choa huonekana kama mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya. Yote mawili huweza kumpata binadamu, hasa mtoto anayelala au kucheza na mbwa. Mhudumu wa afya anayemtibu mtoto mwenye vipele vya kuwasha bila kuuliza habari za mbwa wa nyumbani huenda akampokea tena mtoto yuleyule mwezi unaofuata.

Dawa ya josho isigeuzwe dawa ya mbwa kwa kukisia. Nyingine ni sumu zinazoshambulia mishipa ya fahamu, na mbwa hujilamba ili ajikaushe. Akianza kutoa udenda, kutapika na kutetemeka baada ya kuogeshwa, huo ni mfano wa sumu na anahitaji msaada wa haraka. Afisa mifugo ndiye mwenye kueleza dawa ifaayo na kipimo chake.

Madimbwi na homa zisizo malaria

Maji yaliyotuama ni maskani ya vijidudu vya leptospira, ambavyo hutoka katika mkojo wa panya, ng'ombe, mbwa na wanyama wengine. Vijidudu hivyo huishi muda mrefu penye unyevu na hufa penye ukavu. Humwingia mtu kupitia ngozi yenye michubuko, macho au kinywa. Watanzania wengi walilisikia jina la homa ya mgunda Julai 2022, ugonjwa huo ulipozuka mkoani Lindi na kuripotiwa wagonjwa 20, watatu kati yao wakipoteza maisha.

Kaskazini mwa nchi nako ugonjwa huo upo. Utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 60 walidhaniwa kuwa na malaria, ilhali waliothibitika kuugua malaria hawakufika asilimia 2. Miongoni mwa homa zilizobainika zilikuwamo leptospira na magonjwa mengine yatokanayo na wanyama. Kwa mhudumu wa zahanati, fundisho ni kumuuliza mwenye homa juu ya mifugo, panya na madimbwi. Kwa mwenye mbwa, fundisho ni kufunika michubuko ya mikono kabla ya kumkausha, na kunawa kwa sabuni baada ya kazi.

Mbwa anayeshikika ndiye anayechanjika

Faida iliyo kubwa kuliko zote haionekani siku ya mvua. Huonekana siku ya chanjo. Ili kukata mnyororo wa kichaa cha mbwa, Shirika la Afya Duniani hushauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba ugonjwa huo huua takribani watu 1,500 kila mwaka nchini Tanzania, na duniani kote watoto walio chini ya miaka 15 ni sehemu kubwa ya wanaong'atwa.

Chanjo huhitaji mbwa afikishwe kituoni na kushikwa kwa dakika moja. Mbwa ambaye hajawahi kuguswa huachwa nyumbani, au hukata kamba na kutoroka. Lakini yule aliyezoea tangu udogoni kushikwa shingo, kuinuliwa mguu na kufutwa masikio huongozwa hata na mtoto. Watoto wa mbwa nao wapelekwe, kwa kuwa hao pia huambukizwa na kuambukiza.

Udenda si maji ya mvua

Kuna imani iliyoenea kwamba mbwa mwenye kichaa huogopa maji, na hivyo mbwa aliyelowa ni salama. Imani hiyo ni ya hatari. Kuogopa maji ni dalili ya binadamu mgonjwa. Mbwa mwenye kichaa huweza kuvuka kijito na kufika nyumbani amelowa chepechepe. Kidevu kilicholowa peke yake wakati mwili ni mkavu, taya lililolegea, sauti iliyobadilika, ukali au upole usio wa kawaida, na kuyumba katika mwendo ni ishara za kukaa mbali. Mbwa wa namna hiyo hakaushwi, wala kinywa chake hakichunguzwi kwa kudhani amekwamwa na mfupa. Watoto waondolewe karibu naye na afisa mifugo aarifiwe.

Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate katika jeraha, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asipake majivu wala dawa za mitishamba, na asingoje kuona iwapo mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Chanjo ikitolewa mapema na dozi zote zikakamilishwa, ugonjwa huzuilika.