Kabla hujamwita mvivu, mtazame macho

SAA nne asubuhi, katika madarasa mengi ya shule za msingi za Kitale na Bungoma, hakosekani mwanafunzi aliyelaza kichwa juu ya dawati. Mwalimu akimwona, neno la kwanza linalomjia ni uvivu. Mhudumu wa afya angeanza na swali jingine: mtoto huyu alikula nini jana usiku?

Msomaji wa mjini huenda akashangaa. Trans Nzoia si ndiyo ghala ya mahindi ya Kenya? Ndiyo, lakini mahindi huvunwa kuanzia Oktoba. Kati ya Mei na Julai, mengi yakiwa bado machanga shambani, anayeishi kwa kibarua hununua unga kwa pesa ya siku hiyo, na siku isiyo na kibarua haina unga. Katika mtaa wa mabanda wa Kipsongo, mjini Kitale, wengi hawana hata kijishamba cha mboga.

Ubongo hutumia karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zote za mwili. Mtoto asiyetia kitu tumboni tangu jana anaweza kumsikia mwalimu vizuri na bado asishike jambo. Ndiyo maana shule yenye unga kidogo ingefanya vyema kupika uji wa mapumziko ya asubuhi badala ya kungoja saa saba, wakati masomo magumu yamekwisha kumpita.

Hata hivyo, kuna usingizi ambao uji pekee hauuondoi. Minyoo ya safura hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, ikafika kwenye utumbo na kunyonya damu humo. Malaria nayo, ambayo si ngeni Bungoma, huharibu damu. Mwalimu anaweza kuvuta taratibu kope ya chini ya jicho la mtoto: ndani pakiwa peupe badala ya pekundu, huyo ni wa kupelekwa zahanati, si wa kusimamishwa pembeni. Nyumbani, mboga kama kunde na terere husaidia, na omena zaidi. Chai ya majani inyweke baadaye, kwa sababu ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma.

Kuhusu minyoo, ushahidi maarufu ulitoka jirani na Bungoma. Kuanzia mwaka wa 1998 watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019, waligawa dawa katika shule 75 za Busia. Waliripoti kwamba utoro ulipungua kwa karibu robo, ingawa alama za mitihani hazikupanda. Mwaka wa 2015 wengine walizipitia hesabu hizo upya na kubishania baadhi yake. Lakini hakuna anayebisha kwamba mtoto mwenye minyoo anafaa kutibiwa. Serikali ilianza mpango wa kitaifa wa dawa hizo shuleni mwaka wa 2009, na walimu ndio waliofunzwa kuzigawa.

Hapa ndipo penye kasoro ambayo wakuu wa shule hawapendi kuambiwa. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure mwaka wa 2003, lakini bado watoto hurudishwa nyumbani kwa pesa za chakula au za mtihani. Anayefukuzwa ni maskini, yaani yule yule aliyehitaji uji na tembe. Siku ya dawa ikimkuta nyumbani, hubaki na minyoo yake, na choo chake kikiwa kibovu huieneza kwa jirani. Deni ni la mzazi. Mwalimu mkuu amwite mzazi, mtoto abaki darasani.

Funza nao huleta aibu kubwa. Mwenye funza hukaa nyuma, hachezi mpira, na wenzake humcheka. Kumtoa mbele ya darasa ili “apate fundisho” ni kumfukuza shule kwa njia nyingine, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi mwilini au akilini. Funza huishi katika vumbi. Darasa la sakafu ya udongo linyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Wasichokorane kwa pini moja, maana pini hiyo hupitisha pepopunda, homa ya ini na hata virusi vya Ukimwi. Kuna mafuta ya dimetikoni yanayoua funza bila kuchokora. Mwulize afisa wa afya ya umma.

Kwa wasichana, marekebisho ya sheria hiyo mwaka wa 2017 yaliipa serikali jukumu la kuwapa sodo bila malipo katika shule za umma. Zinapochelewa, mwalimu wa kike aweke pakiti chache kabatini, pamoja na sabuni na sketi ya akiba, na wasichana wote waelezwe mapema ufunguo uko kwa nani. Asitakiwe mtu kunyosha mkono darasani kuomba.