Wametoka Hapa Kwetu

Kijana wa Mutuini akienda mjini kutafuta kazi na kuulizwa kwao ni wapi, hujibu, "Dagoretti." Mara anaambiwa, "Ahaa, kule kwa kuchinja ng'ombe!" Ni kweli, na kazi hiyo imelisha na kusomesha wengi. Lakini si nyama peke yake iliyotoka huku. Hata Nathanaeli alishangaa kuambiwa kwamba jambo jema limetoka Nazareti.

Hebu tuangalie majirani zetu. Barabara ya Waiyaki Way tunayopita na matatu ina jina la Waiyaki wa Hinga, mzee wa upande huu aliyekula kiapo cha urafiki na Kapteni Lugard mwaka 1890. Urafiki huo haukudumu. Mwaka 1892 alikamatwa, akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Kule Kabete, mwaka 1903, wamishonari Waingereza walipata mtoto, Louis Leakey, aliyekua akisema Kikuyu na baadaye akajulikana duniani kwa kuchimbua mifupa ya watu wa kale. Dk. Njoroge Mungai, aliyezaliwa mwaka 1926 upande wa Kikuyu, alisomea udaktari Marekani, akawa mbunge wa Dagoretti na Waziri wa Mambo ya Nje.

Lakini leo tunataka kukaa zaidi na mmoja: Eliud Mathu.

Mathu alizaliwa Riruta mwaka 1910. Alisoma Alliance, shule iliyofunguliwa Thogoto mwaka 1926, kisha Fort Hare kule Afrika Kusini, na baadaye Uingereza. Aliporudi alifundisha Alliance, halafu akaongoza shule ya Waithaka, hapa karibu kabisa.

Wakati huo hakuna Mwafrika aliyekaa katika Baraza la Kutunga Sheria. Tangu mwaka 1924 Waafrika walisemewa na Wazungu, mara nyingi wamishonari. Wa kwanza alikuwa Dk. John Arthur wa misheni ya Thogoto. Sisi wa kanisa tukubali jambo hili: hata mtu akikutakia mema, kusemewa si sawa na kusema mwenyewe. Oktoba 1944 Mathu akateuliwa, Mwafrika wa kwanza katika baraza hilo. Huko alisema juu ya ardhi, elimu na kipande walichovishwa wafanyakazi shingoni.

Sasa sikilizeni vizuri, wanavikundi. Mwezi huo huo watu walianzisha chama cha KAU, na Harry Thuku akawa mwenyekiti wa kwanza. Kwa nini? Waliona mtu mmoja kati ya wakubwa wengi hawezi peke yake. Lazima awe na watu nyuma yake wa kumpa habari, kumtia nguvu, na pia kumwuliza maswali. Hiyo ndiyo siri ya mtu mashuhuri. Si ati alizaliwa na nyota tu, kuna watu walimshika mkono.

Mwaka 1957, Waafrika walipopiga kura ya kuchagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, Mathu alishindwa na Bernard Mate. Wakikuyu wengi hawakuruhusiwa kupiga kura, kwa sababu ya sheria za Hali ya Hatari. Mathu aliaga dunia mwaka 1993. Vijana wetu wangapi wanamjua?

Wazee waliomwona kwa macho wanazidi kupungua. Guka akizikwa, anazikwa na mengi. Kwa hivyo tunaomba kila kikundi kifanye hivi:

1. Mchague wawili, kijana na mtu mzima, wamtembelee mzee mmoja kila mwezi.
2. Wamwulize: ni nani walianzisha shule yetu, kanisa letu, soko letu? Nani alitoa shamba? Kina mama gani walibeba mawe?
3. Waandike katika daftari jina, mahali na mwaka. Mwaka usipojulikana, waandike ilikuwa wakati wa njaa gani au vita gani.
4. Wamsomee mzee walichoandika, asahihishe.
5. Daftari likae na katibu, na lisomwe kwa watoto wa shule.

Ya kujadili kikundini: Ni mtoto gani hapa kwetu anafanya vizuri lakini amekwama kwa karo? Tukimchangia, tutaendelea kusimama naye akishapanda juu, ama tutamwachia safari peke yake?