Dada, Hiyo Mashine Itaona Ninachowaza?

Mgonjwa akipiga simu kuulizia kipimo cha mawimbi ya ubongo, EEG, jambo la kwanza ninalomwambia halihusu ubongo. Namwambia afumue nywele, aoshe kichwa kwa sabuni, asipake mafuta. Kwa dada aliyetoka kwa msusi juzi hiyo ni habari mbaya, na wapo wanaonigombeza kana kwamba nitawarudishia hela. Lakini umeme ninaoutafuta ni mdogo mno. Betri ya rimoti ina volti 1.5, wimbi zuri la ubongo, likifika juu ya ngozi ya kichwa, lina mikrovolti kama 50 tu. Ni sawa na kuigawa betri hiyo mafungu 30,000 ukabaki na fungu moja. Rasta na mafuta ya nazi vikiingia katikati, naambulia patupu.

Napima kichwa kwa futi, ile ile ya fundi cherehani, kuanzia kwenye kishimo kilicho juu ya pua hadi kwenye kinundu cha kisogoni. Naweka alama kwa penseli nyekundu, nasugua ngozi, kisha nabandika elektrodi 21 kwa dawa nzito inayopitisha umeme. Watoto huniuliza kama itauma. Watu wazima, hasa wanaume waliosindikizwa na wake zao, huuliza kwa sauti ya chini: “Dada, hiyo mashine itaona ninachowaza?”

Haiumi, kwa sababu haiingizi umeme wowote, inapokea tu. Na siri zako haizioni. Ni kama kusimama usiku nje ya ukumbi wa harusi: kwa kelele peke yake utajua kama watu wanacheza, wanakula au wameanza kuondoka, lakini shangazi alimnong'oneza nini bibi harusi hutajua. Chini ya kila elektrodi kuna maelfu kwa maelfu ya seli zinazopeana ishara, nami nazisikia zote kwa pamoja.

Ajabu ni kwamba aliyeanzisha kazi hii alikuwa na matumaini makubwa kuliko hayo. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili mjini Jena, Ujerumani, aliwahi kuponea chupuchupu alipoanguka kutoka kwenye farasi akiwa askari kijana. Siku hiyo hiyo ikaja simu ya maandishi kutoka nyumbani: dada yake alikuwa ameshikwa na hofu kwamba Hans yuko hatarini. Berger akaamini akili yake ilikuwa imetuma ujumbe, akaamua kuitafuta nguvu iliyoubeba. Mwaka 1924 akafanikiwa kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu, na mwaka 1929 akachapisha matokeo, ikiwemo michoro ya mwanawe Klaus. Wengi hawakumwamini hadi mwaka 1934, Edgar Adrian alipolithibitisha jambo hilo kule Cambridge. Ujumbe wa dada haukuonekana popote. Kilichoonekana ni mawimbi yanayobadilika mtu akifumba au akifumbua macho.

Mpaka leo nami naanzia hapo hapo. “Fumba macho, mzee.” Upande wa kisogoni yanajipanga mawimbi mazuri, 8 hadi 13 kwa sekunde, hayo ndiyo Berger aliyaita alfa. “Fumbua.” Yanafutika, yanabaki madogo ya haraka, beta. Yaendayo polepole zaidi, 4 hadi 8 kwa sekunde, ni theta, na chini ya hapo ni delta.

Siku hizi simu zimejaa muziki wa “kuamsha alfa” ili upate utulivu. Usikilize kama unakupendeza, ila usidhani herufi hiyo ina maana moja. Kuna wagonjwa ambao moyo ulisimama kisha ukarudishwa, wamelala hawajitambui kabisa, na mchoro wao umejaa mawimbi ya kasi ya alfa. Huo si utulivu wa kuuonea wivu. Beta nyingi nayo si lazima iwe akili inayochapa kazi. Huenda mtu alimeza diazepam tu. Delta kwa mtu mzima aliyelala fofofo ni afya, lakini delta upande mmoja wa kichwa cha mtu aliye macho ananiangalia, hiyo naipeleka kwa daktari haraka. Kabla ya kulisoma wimbi nauliza ni la nani, ana umri gani, limetoka sehemu gani ya kichwa, na mwenyewe alikuwa akifanya nini.

Kuna mtoto mmoja aliletwa kwa sababu mwalimu alikuwa akimchapa kwa “kutosikiliza”. Nilimwambia apulize kipande cha karatasi nilichokining'iniza mbele yake, pumzi ndefu ndefu, kwa dakika 3. Alipuliza vizuri, mara akanyamaza. Macho wazi, kope zikichezacheza. Kwenye skrini, kichwa kizima kilikuwa kinatoa miiba na mawimbi makubwa, 3 kila sekunde, kwa mpango kamili. Baada ya sekunde chache yakakatika kama yalivyoanza, na mtoto akaendelea kupuliza. Nilipomuuliza kwa nini aliacha, alinishangaa: hakuacha! Hicho ni kifafa cha kuzubaa, kisicho na kuanguka wala povu, na kina dawa. Mama yake alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama naweza kumpigia simu mwalimu.

Ugomvi huja ripoti ikiandikwa “kawaida”. Wazazi hudhani wameambiwa mtoto hana kifafa. Mimi narekodi kwa dakika 20 hadi 30, na kifafa hakina ratiba. Anayekiugua anaweza kutoka kwangu na karatasi safi kabisa. Wakati mwingine tunarudia baada ya mgonjwa kukesha usiku, maana usingizi huibua yaliyojificha. Njoo na mtu aliyemwona mgonjwa akianguka, na kama kuna video kwenye simu, ilete. Mara nyingine inamsaidia daktari kuliko michoro yangu yote. Dawa aendelee kumeza, isipokuwa aliyemwandikia amesema vingine.