Kabla ya Kubonyeza "Tuma"

Ujumbe wa kitapeli unaojulikana kuliko yote Tanzania hauna ufundi wowote: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hautaji jina wala kiasi. Nguvu yake ni wingi. Hupelekwa kwa maelfu, na miongoni mwa wanaoupata hakosekani mmoja aliyekuwa kweli mbioni kumtumia mwenzake fedha. Huyo hamwoni tapeli. Anamwona mpwa wake aliyebadilisha laini.

Mkange, kata ya Chalinze iliyo jirani na Hifadhi ya Saadani, ina watu wengi wa namna hiyo. Ada ya mtoto aliye Dar, dawa ya mzazi, malipo ya fundi, yote hupita kwenye simu, na M-Pesa imekuwapo nchini tangu 2008. Kubonyeza, basi, watu wanajua. Kinachopungua ni kusoma.

Chukua meseji ya "umepokea" ikifuatiwa na simu ya mtu anayelia kwamba amekosea namba, arudishiwe. Meseji halisi ya muamala huja kwa jina la huduma, si kwa namba ya mtu. Hata ikifanana, hakimu ni salio: ingia mwenyewe kwenye menyu uliangalie. Na kama fedha imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwelekeze apige huduma kwa wateja, kampuni iurudishe muamala.

Gumu zaidi ni namba ya siri. Bibi asiyeona vizuri humtajia wakala namba hiyo mbele ya foleni. Simlaumu, maana maandishi ni madogo na menyu haimsubiri. Ndiyo maana naamini somo la kuilinda namba ya siri lianzie kwa mjukuu: amsomee bibi kila hatua, kisha ampe simu aibonyeze namba ya siri mwenyewe, hata akichelewa.

Kuna pia laini zenyewe. Tangu usajili wa alama za vidole uanze 2019, kila laini imefungwa kwenye kitambulisho cha NIDA. Wakala asiye mwaminifu akikuwekesha kidole mara mbili, laini ya pili inaweza kuwa ya mwingine kwa jina lako. Piga *106# uone zilizosajiliwa kwako.

Na ukipata meseji ya tapeli, usiifute kwanza. Itume kwenda 15040, pamoja na namba iliyoileta.