Mbu Yuko Upande Gani?

Taa imezimwa, chandarua kimechomekwa vizuri chini ya godoro, na bado kuna mbu mmoja ndani. Haonekani. Hata hivyo mkono unainuka wenyewe na kupiga kofi shavu la kushoto, si la kulia. Mbu pengine ataponea, lakini upande haukukosewa.

Kwa muda mrefu maelezo yalionekana mepesi: sikio lililo karibu husikia kwa nguvu, na la pili limekingwa na kichwa. Kwa mbu aliye sentimita chache tu kutoka sikioni, hesabu hiyo yatosha. Yatosha pia kwa sauti nyembamba kama ya filimbi, ambayo mawimbi yake ni mafupi. Yakigonga kichwa huacha kivuli upande wa pili, na tofauti baina ya masikio huweza kufika desibeli 20.

Sauti nzito ndiyo iliyomsumbua Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Sauti inayotetemeka mara 128 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 2.7, ilhali kichwa cha mtu kina upana wa sentimita 18 hivi. Wimbi hilo hukipita kichwa kama maji ya bahari yanavyoupita mti wa mkoko, na masikio yote mawili hupokea takriban nguvu ileile. Lakini Rayleigh alikwisha kujijaribu katika miaka ya 1870, akisimama uwanjani macho yamefumbwa huku wasaidizi wakimzunguka, na hata kwa sauti nzito alitambua kulia na kushoto bila taabu. Alitambuaje?

Mwaka 1907, akiwa na miaka 64, alichukua vyuma viwili vya umbo la uma, vile ambavyo ukivigonga hutoa sauti moja safi. Kimoja kilitetemeka haraka kidogo kuliko chenzake, na mlio wa kimoja ukapelekwa kwa bomba kwenye sikio lake moja, wa kingine kwenye sikio la pili. Sauti ikaanza kutembea: kulia, katikati, kushoto, kisha tena kulia, polepole. Nguvu haikuwa na la kueleza hapo. Kilichobadilika ni sikio lipi linatangulia kupata kilele cha wimbi. Rayleigh, aliyekuwa hakuamini kwamba masikio yanaweza kulinganisha mambo kama hayo, akakubali. Si kila mwanasayansi mwenye Nobel mfukoni hubadili kauli hadharani.

Muda wenyewe ni mdogo mno. Sauti hukimbia mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ikitoka ubavuni kabisa hulifikia sikio la mbali ikiwa imechelewa takriban sehemu 650 za milioni ya sekunde. Msikilizaji aliyezoea majaribio hutambua hata tofauti ya sehemu 10. Nayo ishara moja ya neva, ambayo ndiyo chombo cha ubongo cha kupimia, hudumu karibu sehemu 1,000. Ni kama fundi seremala apime unene wa unywele kwa futi yake ya mbao, na apatie.

Mwaka 1948 Mmarekani Lloyd Jeffress alipendekeza jinsi ubongo unavyoweza kuupima muda huo: ishara za masikio mawili hupita njia za urefu tofauti, na kila seli hushtuka pale tu zinapoifikia kwa pamoja. Mpangilio wa namna hiyo ulikuja kuonekana katika ubongo wa bundi. Kwa wanyama wanyonyeshao ulinganisho hufanyika kwenye shina la ubongo, lakini namna unavyofanyika bado inabishaniwa.

Mbele na nyuma ni kesi nyingine, maana huko sauti hufika masikio yote kwa pamoja. Kazi hiyo, pamoja na juu na chini, hufanywa na mikunjo ya sikio la nje, inayoipa sauti rangi tofauti kulingana na inakotoka. Mwaka 1998 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, waliwawekea watu wazima vipande vya plastiki kwenye mikunjo hiyo. Kulia na kushoto hawakupotea sana. Juu na chini wakavurugika kabisa. Baada ya wiki kadhaa wakawa wamejifunza kusikia kwa masikio hayo mapya. Vipande vilipotolewa, wakapatia papo hapo kama zamani, bila kujifunza upya.